Jezi za Watoto wa Desemba

Sogea kidogo, wewe unayenisikiliza, ukae mahali ambapo jua halikupigi machoni, kwa maana jambo ninalotaka kukueleza si gumu, lakini halipendi haraka.

Kila mwaka, baridi inapoingia hapa Lubumbashi na vituo vya mpira vinapoanza kuchagua watoto, kuna wazazi wanaonijia nyumbani. Mimi ni mkunga, au akusheze kama tunavyosema hapa. Wananiamkia vizuri, wananiuliza habari za kazi, halafu wanashusha sauti: "Mama akusheze, utatusaidia kupunguza kidogo?" Si homa wanayotaka ipunguzwe. Ni miaka ya mtoto. Siwakasirikii. Mimi mwenyewe nilifika mlangoni pa jambo hilo kwa ajili ya mwanangu, na leo nalala vizuri kwa sababu sikuingia.

Mwanangu alizaliwa Desemba, siku za mwisho kabisa za mwaka, wakati mvua imegeuza barabara za mtaa wetu wa Ruashi kuwa uji mwekundu. Nilimzaa katika chumba kile kile ninamofanyia kazi, mikononi mwa wenzangu, nao walinicheka kwa sababu nilikuwa nawapa maagizo mpaka dakika ya mwisho. "Leo weye uko mugonjwa," waliniambia. "Nyamaza, sukuma."

Asubuhi yake jirani yangu, mwanamke ambaye ua wake unapakana na wangu, alikuja kunipongeza pamoja na kifungua mimba wake. Mtoto huyo nilikuwa nimempokea kwa mikono yangu Januari ya mwaka ule ule. Sasa alikuwa amesimama. Alishika kigoda kando ya kitanda changu, akakisukuma mbele, akapiga hatua, akacheka, kisha akavuta kitenge nilichomfunikia mtoto wangu, akataka kukitia mdomoni. Wangu hata macho hakufungua.

Nakuomba uwatazame watoto hao wawili kwa pamoja. Kwenye karatasi za komini, ofisi ya serikali ya mtaa, wote wamezaliwa mwaka mmoja. Ndani ya chumba kile, mmoja alikuwa na meno na mwingine alikuwa bado na kitovu kibichi. Kati yao kulikuwa na karibu mwaka mzima wa maziwa, uji na usingizi. Tofauti ya namna hiyo haiishi siku moja. Wakiwa na miaka miwili, kila mtu anaiona. Wakiwa na miaka kumi na miwili, mmoja ameanza kutoa sauti nzito kama fundi wa gari na mwingine bado anaimba na wasichana kanisani. Wakiwa na miaka ishirini na mitano, hakuna atakayejua nani alitangulia. Kwa hiyo anayewapima katikati ya njia, na kusema huyu anaweza na huyu hawezi, mara nyingi amepima kalenda tu.

Lakini siku zile sikuwa nikiyaona hayo kwa uwazi huu. Nilichokiona ni wavulana wawili waliokua ua kwa ua, wakipiga mpira wa matambara kwenye ukuta wangu mpaka matofali yakaanza kutoa vumbi. Mwanangu alimwita mwenzake yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, na yaya huyo alimpa mpira vizuri, hakumnyima.

Ndipo mfanyabiashara mmoja, anayenunua mawe ya shaba na kobalti kwa wachimbaji wa mikono kule Kambove, aliponunua klabu ndogo na kufungua kituo cha watoto pembeni mwa Ruashi. Tukamwita Prezida, kama tunavyowaita wote wenye klabu. Kiwanja chake hakina majukwaa. Kina kichuguu kikubwa upande mmoja, na wazazi huketi juu yake. Kundi la kwanza lilikuwa la watoto waliozaliwa mwaka mmoja na wanetu, kuanzia Januari hadi Desemba. Prezida alikuwa na haraka. Alitaka kikombe cha watoto cha mwaka ule ule, kwa kuwa klabu inayoshinda hutembelewa na wageni wanaotafuta vijana wa kupeleka mbali.

Uchaguzi wa kwanza, mwana wa jirani alichukuliwa kabla hajatoa jasho. Wangu aliwekwa pembeni. Kocha, aliyekuwa beki zamani na bado anatembea kama mtu anayeziba njia, alinifuata penye kichuguu.

"Mama, mutoto eko na mupira. Miguu yake inasikia. Lakini mwili, mama! Bakimusukuma na bega, anaruka sawa karatasi."

"Atakomea," nikasema, yaani atakua.

"Atakomea mwaka gani? Prezida anataka kikombe sasa."

Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Aliahidi kumtazama mara moja zaidi pamoja na wote, mwisho wa kiangazi, siku jezi mpya zitakapofika. Baada ya hapo kundi lingefungwa, na atakayebaki nje angebaki nje.

Habari ilimfikia shemeki yangu, mdogo wa mume wangu, anayeuza vocha za simu Naviundu. Jumapili alikuja kula kwetu, akangoja mpaka bukari, ugali wetu, ishuke tumboni, kisha akaanza.

"Shemeki, unajua shida ya mutoto wako? Ni siku kidogo tu. Kama angengojea kidogo mu tumbo, angezaliwa Januari. Leo angecheza na bale ba mwaka wenye kufuata, na angekuwa mukubwa wa bote."

"Lakini hakungojea."

"Ni weye unaandikaka ile karatasi ya kwanza, ile banapelekaka komini. Andika ingine, kama alingojea."

Alisema kweli. Karatasi ya kwanza ya mtoto inatoka kwetu wakunga. Wala hakuomba miaka, aliomba siku chache. Katika jiji hili kuna vijana waliopunguzwa miaka mitatu, minne, na hakuna aliyekamatwa. Mtaani kwetu kulikuwa na mmoja ambaye, kwenye karatasi mpya, alizaliwa baada ya mdogo wake wa tumbo moja. Watoto walimtesa. Mdogo akipita wanapiga kelele: "Ee, salimia yaya wako!" Na yeye kijana mzima, ana ndevu, anainama kuokota jiwe la kuwatupia. Siku yake ya kuzaliwa hakujua akubali soda mwezi gani.

Nilimkumbusha shemeki habari hiyo. Nilimweleza pia lile lililonisumbua zaidi: mkubwa anayejificha kati ya wadogo huchukua nafasi ya mtoto fulani, na anayesukumwa nje ni yule mdogo kuliko wote. Ni yule wa Desemba. Ningemtengenezea wangu njia kwa kumziba mwana wa mtu mwingine aliyefanana naye kabisa.

"Sawa, mama mutakatifu," alisema shemeki, akajipakulia tena. "Ukifika mbinguni utacheza namba ngapi?"

Nilicheka. Lakini mwanangu, aliyekuwa anasugua viatu vyake penye maji, hakucheka. Alingoja baba yake mdogo aondoke.

"Mama, mi siombe bintu mingi. Siku kidogo tu. Ni weye unaandikaka."

Mtoto huyu hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Nilitaka kusema hapana. Nikamwambia, "Ngoja ile siku ya mwisho ipite. Kisha utaniuliza tena."

"Na kama banakatala?"

"Utaniuliza tena."

Aliinamia viatu vyake. Sote wawili tulijua kwamba sikukataa.

Siku hiyo ilipofika, kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na malori ya mgodi yalikuwa yakimwaga vumbi juu ya kiwanja. Wazazi tulijaa kichuguuni. Jezi zilikuwa ndani ya gunia, za buluu, zenye namba moja hadi thelathini. Gunia lilipofunguliwa tu, vita vikaanza.

"Kumi ni yangu!"

"Yako ya wapi? Weye unapigaka mupira na goti!"

"Toa mukono, wewe wa golini!"

Kocha alipuliza filimbi, haikusaidia. Aliyesaidia ni dada mkubwa wa Prezida, mwanamke mnene mwenye kupikia watoto wa kituo, tuliyemwita sote Mama Mukubwa. Aliacha sufuria, akaja na mwiko ukiwa bado unadondosha bukari.

"Tosheni mikono! Kwenu nyama inagawiwaka namna gani?"

Wavulana wakanyamaza. Mmoja akajibu, "Kuanza na mukubwa, mama."

"Basi, na mayo ni nyama." Mayo ndivyo tunavyoita jezi. "Yaya wa bote akuje mbele. Kitinda mimba atasimama nyuma. Hakuna kumi ya muntu hapa."

Hakuna aliyeona ajabu. Katika nyumba zetu ndivyo sahani inavyopita: mkubwa anachukua kwanza, wa mwisho anapata shingo ya kuku na hanung'uniki, kwa sababu ndivyo alivyokuta. Wakaanza kujipanga kwa kupigiana kelele miezi yao. Wawili wakagombana kwa sababu mmoja hakujua tarehe, na Mama Mukubwa akaniita, "Mama akusheze, kuja utuamulie!" Nikamuuliza yule mtoto kama mama yake aliwahi kusema lolote juu ya siku ile. Akasema alizaliwa wakati watu wanatayarisha Pasaka. Mwenzake alizaliwa Pasaka imekwisha pita. Nikamweka yule mbele ya huyu, wakakubali.

Mwana wa jirani akapewa namba moja. Wangu akapewa thelathini, ikamfika magotini.

"Ee, Thelathini! Ile ni mayo ao ni kanzu ya mupadri?"

"Ni kanzu," alijibu mwanangu. "Kuja uungame."

Hata kocha alicheka. Nilifurahi kumsikia mtoto wangu akijibu hivyo, kwa kuwa asubuhi aliiacha chai yake mezani.

Wakacheza, wote wamechanganywa. Sitakusimulia kila kitu. Mara ya kwanza mwanangu alipopokea mpira alipigwa bega akaanguka. Mara ya pili aliutoa haraka kabla bega halijafika, na uliwafikia wenzake vizuri, lakini nani anakumbuka pasi fupi wakati namba mbili anapita katikati ya watu kama lori lisilo na breki? Mwisho kocha akawapanga, akasimama mbele yao na kuita waliochaguliwa kwa namba, kwa kuwa majina mengi alikuwa bado hajayashika.

"Benye kubakia. Moja. Mbili. Tatu. Ine. Sita. Saba..."

Aliendelea kupanda. Alipofika kumi na saba alipangusa jasho.

"Ni mwisho?" aliuliza Mama Mukubwa.

"Ni mwisho."

"Na bale ba nyuma?"

"Ba nyuma hakuna."

Watu wote tulikuwa tumesikia. Nusu ya mbele ya mstari ilikuwa imesimama karibu yote, na nusu ya nyuma ilikuwa kama imepitiwa na panga. Kichuguuni ukaanza mnong'ono, na kwetu mnong'ono wa namna hiyo unajua wenyewe unapokwenda.

"Ile mayo ya nyuma baliiloga," alisema baba mmoja kwa sauti.

"Nani aligawa?"

"Si ni ule mama wa mwiko?"

"Mi niloge mayo?" Mama Mukubwa alishika kiuno. "Nitailoga saa gani? Hata sijaifula na sabuni bado!"

Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Mzazi mmoja alishauri jezi zirudishwe guniani, zipelekwe zikaombewe, kisha uchaguzi ufanywe upya. Na Prezida, mtu mwenye malori yake na ofisi yake, alikuwa akiitazama namba thelathini mgongoni mwa mwanangu kwa wasiwasi wa kweli. Nikaona nisiposema sasa, watoto wale watarudi nyumbani na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

"Prezida," nikasema, "hapa hakuna mulozi. Hii mustari ni miezi. Mbele ni Januari, nyuma ni Desemba. Ule wa kwanza na ule wa mwisho, bote nilibajua siku ya kuzaliwa."

Nikamweleza habari ya kile kigoda, kitenge na meno. Nilieleza taratibu, kama ninavyomweleza mama mchanga namna ya kumshika mtoto. Kocha hakudanganya, nikasema. Aliona nguvu, na nguvu ilikuwapo kweli. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ile ni mwaka waliotangulia kula, na mwaka huo wa mbele utakwisha siku wengine watakapokomea. Wa mbele hawana kosa. Wa nyuma vilevile hawana.

Prezida alikuna kichwa, na nilipomwona anaanza kutabasamu nikajua amefika mwenyewe mahali ambapo mimi sikuweza kumpeleka.

"Kochi, kule Kambove bakitaka kuniibia, banafanyaka nini? Banamwangia maji mu saki, ile gunia ya mawe. Jiwe ikilowa inapima mingi. Unapakia, unafurahi, unafika huku, jua inawaka, maji inatoka, unabakia unaangalia saki sawa mujinga." Akamnyooshea kidole. "Weye uko unaniuzia maji!"

Kocha naye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Prezida, nani aliniambia, 'Leta bakubwa, nataka kikombe sasa'?"

"Mi."

"Basi ile maji ni weye ulimwanga."

Kichuguu kizima kilipasuka kwa kicheko, na baba aliyetaja uchawi alicheka kuliko wote, kama kwamba hakusema kitu.

Waliamua hivi. Kwanza watoto wapate chakula. Kisha namba kumi na tano za mbele wacheze wao kwa wao, na kumi na tano za nyuma wao kwa wao, halafu kocha achague tena.

Wa mbele walipoanza, tulimwona namba mbili akigonga mabega yaliyo sawa na lake, na lori likajua ni nini breki. Mwana wa jirani aliendelea kucheza vizuri. Yule mpira wake ni wake kweli. Walipoingia wa nyuma, kiwanja kilikuwa kama kimepanuka. Hakuna aliyeruka kama karatasi. Mwanangu alipokea mpira akiwa amegeuza mgongo, akatazama nyuma ya bega lake, akageuka upande ambao mwenzake hakuutarajia, akatoa pasi ndefu iliyomkuta mtu anakimbia. Alifanya hivyo mara kwa mara, bila haraka, jezi ikimpiga magotini. Kocha alitembea kando ya mstari akimfuata, mikono nyuma, na mara moja nilimsikia akijisemea, "Kumbe."

Akawapanga tena. Safari hii alisoma polepole. Baadhi ya namba za mbele zilibaki, baadhi hazikutajwa. Alipopita ishirini na akaendelea, jirani yangu alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza.

"Thelathini."

Sikupiga kigelegele. Nilikaa chini juu ya kichuguu, kama wanawake ninaowaona wakiisha kusikia mtoto amelia, na nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu ile Jumapili.

Ambao hawakutajwa, wa mbele kwa wa nyuma, Prezida aliwaambia warudi kiangazi kinachofuata watazamwe tena, kwa kuwa mlango haufungwi. Nilishukuru kwa hilo zaidi ya kwa mwanangu, maana niliona nyuso za mama zao.

Tulirudi kwa miguu, wavulana wawili mbele, kisha mwanangu akapunguza mwendo mpaka akawa kando yangu.

"Mama, ile kintu nilikuomba..."

"Ndiyo."

"Usiandike."

"Nilisha kusahau."

"Hapana, haukusahau!" Akacheka, akakimbia kumfuata yaya wake.

Sitakudanganya kwamba tangu siku ile mambo yote yamenyooka. Kikombe hawakukipata mwaka ule, na Prezida alinung'unika wiki nzima, akatishia kuleta watu wenye vifua, mpaka dada yake alipomuuliza mbele ya watu kama amekumbuka tena kununua maji. Mwanangu amerefuka kidogo. Kuna siku anacheza, kuna siku anakaa benchi. Akikosea, anakosea akiwa yeye, kwa tarehe yake. Na wazazi wanaponijia na sauti za chini, nawapa kiti, nawaeleza haya niliyokueleza wewe. Wengi huondoka na karatasi ile ile waliyokuja nayo, na mabega yao yameshuka kidogo.

Basi ikiwa unafundisha watoto mpira, au una klabu, au wewe ni mjomba uliyeachiwa filimbi siku moja, fanya hivi. Wapange kwa siku ya kuzaliwa, mkubwa mbele, uwape jezi kwa mpangilio huo. Waache wacheze, kisha chagua. Na kabla hujamrudisha mtoto yeyote nyumbani, soma kwa sauti namba za wale uliowabakiza.